Shajara ya mradi: gari la kukodi la London na dereva wake wa nyuma

12 Januari

Nimeendesha teksi Dar es Salaam miaka 19. Kila jioni nilipeleka hesabu kwa bosi, na kilichobaki ndicho kilichokuwa changu. Sasa nimerudi Tanga, kwenye karakana ya useremala aliyoniachia marehemu baba, na leo nimeanza kazi ambayo haina mteja: kuchonga mfano wa gari la farasi lililokuwa likikodiwa mitaani London karne ya 19. Ni lile la magurudumu mawili waliloliita hansom. Kipimo ni 1 kwa 8, yaani kila sentimita 8 za gari lenyewe ni sentimita 1 mezani kwangu.

Aliyenitia katika kazi hii ni mjukuu wangu. Aliona picha ya gari hilo kwenye kitabu cha shule, akaniuliza, "Babu, wewe ulikuwa dereva. Mbona huyu amekaa nyuma ya gari, juu juu hivi? Anaonaje mbele?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutalijenga, tutajua.

19 Januari

Wiki nzima ni michoro tu, na tayari nimekosea.

Joseph Hansom alikuwa msanifu majengo. Jumba la mji la Birmingham ni kazi ya mkono wake. Mwezi Desemba 1834 alipata hataza ya gari aliloliita la usalama, kwa sababu magari mepesi ya kukodi ya wakati ule yalikuwa yakipinduka ovyo kwenye kona. Gari lake la kwanza lilikuwa na magurudumu makubwa kupita urefu wa mtu. Akauza haki zake kwa pauni 10,000, na fedha ile hakulipwa. Miaka miwili baadaye, 1836, John Chapman alilifumua gari lile na kulitengeneza upya: akapunguza magurudumu, akapinda ekseli ili ipite chini ya kiti cha abiria, akamhamishia dereva nyuma. Gari lililojaa London kwa miaka 70 iliyofuata ni la Chapman. Jina lilibaki la Hansom.

Kosa langu lilikuwa kwenye ekseli. Nilichora chuma kilichonyooka, nikakata na mbao za sakafu kabisa. Nilipoweka pamoja, ekseli ikapita mahali ambapo abiria anaweka miguu. Ili kuikwepa ingebidi niinue sakafu, na mama aliyevaa gauni refu la zama zile angehitaji ngazi kupanda. Ndipo nikaelewa kwa nini Chapman aliipinda. Sakafu inashuka chini, abiria anapanda kwa hatua moja tu, na gari lote linakaa karibu na ardhi kwa hiyo halipinduki. Nimetupa vipande vitatu vya mninga. Nimepinda nondo ya milimita 6 kwenye jiliwa, pembe nne, kulia na kushoto zilingane. Imechukua siku mbili.

26 Januari

Magurudumu. Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, na sijutii.

Mafundi wa Uingereza walitumia miti mitatu tofauti kwenye gurudumu moja. Kitovu kilikuwa cha elmu, mti ambao nyuzi zake zimesokotana, ukiupiga matundu mengi haupasuki. Spoku zilikuwa za mwaloni, maana mwaloni hausalimu amri mbele ya mzigo. Ukingo ulikuwa wa eshi, mti unaonyumbuka, gurudumu likigonga jiwe unapokea pigo bila kuvunjika. Sina hata mmoja kati ya hiyo. Nimetafuta wa kwetu wenye tabia hizo: kitovu nimekereza kwa mpingo, spoku nimechonga kwa mninga, ukingo ni mkwaju. Mkwaju ni mgumu kuliko eshi, umenimalizia makali ya misumeno miwili, lakini haupasuki ovyo.

Kila gurudumu lina kipenyo cha sentimita 18 na spoku 16. Nimezichonga zote kwa kisu na tupa, na kila moja nimeipima mara mbili.

Nimesimama kwenye jambo moja ambalo kwenye picha halionekani. Spoku hazisimami wima kutoka kwenye kitovu. Zinaegemea nje kidogo, gurudumu zima likawa kama sahani isiyo na kina. Nilidhani ni urembo. Nikatengeneza gurudumu moja la majaribio lenye spoku zilizonyooka, nikalikandamiza kwa upande, likalegea kama mwavuli mbovu. Lile la sahani, nililikandamiza kwa nguvu zile zile, halikucheza. Farasi akitembea, mwili wake unayumba kulia na kushoto kwa kila hatua, na gari linapokea msukosuko huo kwa ubavu. Sahani ndiyo inayoupinga.

2 Februari

Umeme umekatika siku tatu, mashine ya kukereza imelala. Nimepiga msasa tu.

9 Februari

Chuma cha gurudumu. Fundi mhunzi jirani yangu alinipa mkanda wa chuma wa kufungia mizigo, upana wake milimita 5. Kanuni ni ile ile ya mafundi wa zamani: pete ya chuma unaifanya ndogo kidogo kuliko gurudumu, unaipasha moto mpaka itanuke, unaivalisha ikiwa nyekundu, kisha unamwaga maji. Ikipoa inajikaza na kuzibana spoku zote kwa pamoja kuelekea kitovuni. Hakuna msumari wala gundi inayoweza kufanya hivyo.

Mzunguko wa gurudumu langu ni milimita 565. Pete niliifupisha kwa milimita 3. Tukaiweka kwenye mkaa, mjukuu akishika mvukuto. Ya kwanza niliivalisha na kuchelewa kumwaga maji; ukingo wa mkwaju ukaungua ukawa mweusi, moshi ukajaa karakana. Nimelitenga gurudumu hilo. La pili mhunzi alisimama na ndoo mkononi. Nilipogonga pete ikaingia, alimwaga papo hapo, na tukasikia kwa masikio yetu viungo vikijikaza, kama vidole vinavyokandwa. Nililigonga mezani likalia mlio mmoja mkavu. Mhunzi akasema, "Hilo limeshikana, mzee." Nikafurahi kuliko nilivyofurahi siku nilipopata leseni.

Chuma hicho juu ya barabara za mawe kilipiga kelele ambayo mtu wa leo hawezi kuiwazia. Yalikuwepo pia magari ya kukodi ya magurudumu manne, mazito, yaliyobeba familia na masanduku kutoka stesheni za reli, na watu waliyapa jina la utani la wangurumaji kwa sababu ya mlio wao. Nyumba yenye mgonjwa mahututi, jamaa zake kama wana uwezo walimwaga majani makavu barabarani mbele ya mlango ili magari yapite kimya. Ungeyaona majani hayo ungejua mtaa ule una mtu anayepigania roho. Baadaye karne ikielekea ukingoni, hansom zikaanza kuvalishwa mpira, na ukimya wake ukawa hatari kwa waenda kwa miguu, hata farasi wakafungwa kengele.

Sitavalisha mpira. Nataka mfano wangu uwe wa miaka ya 1870, wa chuma.

Nina sababu. Mwaka 1875 Sultani Barghash wa Zanzibar alifanya ziara Uingereza, na dada yake Salme, ambaye watu wengi wanamfahamu kama Emily Ruete, akasafiri kwenda London kwa matumaini ya kukutana naye wapatane. Nikipiga msasa kwenye ukingo huu huwa nawaza kwamba mlio wa chuma hicho kwenye mawe ulipita masikioni mwa watu waliozungumza lugha hii yetu.

23 Februari

Bodi. Nimetumia pleiwudi ya milimita 3 kwa kuta na mninga kwa fremu. Kiti cha abiria ni cha watu wawili, wa tatu ni kwa kubanana. Mbele hakuna ukuta: abiria anaitazama barabara na mgongo wa farasi, na mbele ya magoti yake kuna milango miwili mifupi inayojikunja, inamkinga na matope. Matope lile neno nalitumia kwa heshima, kwa kuwa mengi yalikuwa mavi ya farasi. Kulikuwa na wafagiaji waliosimama kwenye makutano, wengine watoto wadogo, wakisafisha njia ya kuvukia kwa ajili ya kupewa senti.

Kazi niliyoipenda ni kimlango cha paani. Dereva yuko nyuma na juu, abiria yuko ndani mbele, wanaongeaje? Paani kuna kimlango kidogo cha mraba. Abiria anakisukuma kwa fimbo au mwavuli, dereva anainamisha kichwa, anaambiwa "kata kushoto", na mwisho wa safari nauli inapitia hapo hapo. Changu kina upana wa milimita 22. Bawaba nimezikata kwenye kopo la maziwa, kipini chake ni sindano ya kushonea. Kinafunguka kwa ncha ya kucha. Mjukuu alikifungua na kukifunga mchana kutwa, akinong'oneza ndani, "Stesheni, tafadhali."

Hatamu nazo zinapita juu ya paa, kwenye kishikio cha chuma pale mbele, ndipo zishuke kwa farasi. Abiria akiangalia juu anaziona zikicheza. Kwenye magari ya baadaye dereva alikuwa na wenzo wa kuifunga milango kutoka kwenye kiti chake, kwa hiyo mtu hawezi kuruka na kukimbia bila kulipa. Miaka 19 mimi sikuwa na kitu kama hicho, na waliokimbia nauli yangu nawakumbuka kwa sura.

2 Machi

Rangi nyeusi, mpako wa pili. Nimeweka nambari ya leseni nyuma. Tangu 1850 leseni hizo zilikuwa mikononi mwa polisi wa London, na dereva mwenyewe alivaa beji tangu 1838.

9 Machi

Sijagusa mbao wiki hii. Nimekuwa nikisoma habari za hesabu, na ninaziandika hapa kwa sababu bila hizo huyu dereva nitakayemchonga atakuwa sanamu tu.

Madereva wengi wa London hawakuwa na gari wala farasi. Vyote vilikuwa vya mwenye yadi. Asubuhi dereva anakuja yadini, anapewa gari na farasi. Mchana anarudi kubadilisha farasi, maana gari moja lilichosha farasi wawili kwa siku. Jioni, mvua imenyesha au haikunyesha, abiria wamepatikana au hawakupatikana, anampa mwenye yadi kiasi kile kile walichokubaliana asubuhi. Ni hesabu ya bosi, hakuna jina jingine.

Nauli lakini haikuwa mikononi mwake. Sheria ya 1853 iliipanga kuwa pensi 6 kwa maili, yaani nusu shilingi, na madereva walipoona imeshushwa hivyo waliegesha magari mwezi Julai mwaka huo huo wakagoma. Baadaye mazoea yakawa shilingi moja kwa maili mbili za kwanza, ndani ya maili 4 kutoka Charing Cross. Kwa hiyo juu yake kuna sheria inayombana nauli, chini yake kuna bosi anayepandisha hesabu. Kiangazi, matajiri walipojaa London kwa sherehe zao, mwenye yadi alijua biashara ni nzuri, akaongeza.

Mwezi Mei 1894 madereva wakagoma. Mgomo uliendelea hadi Juni, mpaka Waziri wa Mambo ya Ndani, Herbert Asquith, alipoziketisha pande mbili na kutoa uamuzi: hesabu ipangwe kufuatana na msimu, ipande pale kazi inapokuwepo na ishuke pale inapopungua.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Bosi wangu mmoja alikuwa akiongeza hesabu kila Desemba, watu wakirudi makwao na mizigo, na Januari ikifika, mji umekauka, hesabu haishuki. Nikimwambia, jibu lake lilikuwa moja: funguo acha hapo mezani. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Sikuacha funguo. Kumbe jambo lile lile lilishaamuliwa miaka zaidi ya mia iliyopita, kwamba msimu ukishuka na hesabu ishuke, na laiti ningelijua ningelisema mbele yake.

16 Machi

Leo nimempatia mjukuu jibu lake, na nimelipata kwa mizani ya jikoni.

Gari limekamilika bila farasi. Mikono yake miwili ya mbele, ile inayoshikwa na matandiko ya farasi, niliiegemeza juu ya mizani. Kinachosomeka pale ndicho kinachoulemea mgongo wa farasi. Kisha nikatengeneza abiria na dereva kwa vifuko vya mchanga. Ukipunguza urefu, upana na kimo kwa 8, uzito unapungua kwa 8 mara 8 mara 8, yaani 512. Abiria wa kilo 70 anakuwa gramu 137. Dereva wa kilo 75, na koti lake, anakuwa gramu 146.

Gari tupu: gramu 58. Nikaweka abiria wawili bila dereva: gramu 93. Nikamweka dereva kwenye kiti chake cha nyuma, abiria wakiwemo: mizani ikashuka hadi 44. Nilirudia mara nne, mjukuu akiandika, tofauti haikuzidi gramu mbili. Mbao zangu si zile za London, kwa hiyo tarakimu za gari tupu ni za gari langu tu, lakini ule mwendo wa mizani ni wa umbo lenyewe. Zile gramu 93 kwa farasi halisi ni kama kilo 48 zinazomkalia mgongoni kutwa. Dereva akipanda zinabaki kama kilo 23.

Dereva ni sehemu ya mtambo. Hakuwekwa nyuma apate kuona vizuri, ingawa kutoka juu kule aliona. Amewekwa awe uzito wa kuwasawazisha abiria. Aliyekuwa ndani alifunikwa paa, na mvua ikizidi aliteremshiwa kioo. Farasi alipunguziwa mzigo. Yule wa tatu, ambaye mwili wake ndio uliowapa wengine nafuu, alikaa nje kwenye ukungu na theluji kwa saa nyingi bila chochote juu ya kichwa chake ila kofia.

Nikawatoa abiria, nikamwacha dereva peke yake. Gramu 9. Mikono ya gari karibu ielee. Sasa ule mshipi unaopita chini ya tumbo la farasi nikauelewa: gari lisilo na abiria likipanda mlima mikono ingenyanyuka juu, na mshipi ndio unaoizuia. Nilitaka kuuacha mshipi huo kwa sababu ni mwembamba na unasumbua kushona. Nitaushona.

Nilipomweleza mjukuu alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo Babu, akishuka kwenda kula, gari linaanguka mbele?" Halianguki, farasi yupo. Lakini swali la kwenda kula ni zuri kuliko anavyojua.

23 Machi

Mwenzangu wa kijiweni, tuliyepaki naye foleni moja Kariakoo miaka 11, amepita kunijulia hali akielekea Pangani. Alilizunguka gari mara mbili bila kusema neno, mikono mgongoni, vile vile alivyokuwa akikagua matairi alfajiri. Akainama, akafungua kimlango cha paani kwa ukucha, akachungulia.

"Nauli ilipita hapa?"

"Hapo hapo."

"Na ubishi wa nauli?"

"Nao hapo hapo. Mita zililazimishwa mwaka 1907 tu. Hilo neno letu la teksi limetoka kwenye jina la mita yenyewe."

Nikamweleza mengine. Kwamba mlangoni mwa hoteli, kipenga kikipulizwa mara moja ni kuita gari la magurudumu manne, mara mbili ni kuita hansom. Kwamba wakati wa kilele zilikuwepo hansom zaidi ya 7,000 London, kisha injini za petroli zikaja, na mwaka 1927 zilikuwa zimebaki 12 zenye leseni. Dereva wa mwisho wa gari la farasi alirudisha leseni yake mwaka 1947. Hapo aliitikia kwa kichwa taratibu. Anaijua kazi inayoondoka mikononi mwa mtu. Sisi sote wawili tuliona simu zikianza kuita magari na foleni yetu ikifupika.

Kisha akauliza kile alichouliza mjukuu. "Huyu alikuwa anakula wapi?"

Nikamwonyesha. Sheria haikumruhusu dereva kuliacha gari lake kwenye kituo. Akitaka chakula cha moto ilibidi amlipe mtoto alichunge, na mahali penye moto karibu kwa kawaida palikuwa kilabu cha pombe. Inasimuliwa kwamba Januari 1875 Kapteni George Armstrong, mhariri wa gazeti, alimtuma mtumishi wake kwenye dhoruba ya theluji akatafute gari. Mtumishi akachelewa sana kurudi: magari yalikuwepo kituoni, madereva wote wamekimbilia kilabuni. Armstrong hakuishia kulalamika. Yeye na wenzake, akiwemo Bwana wa Shaftesbury, wakaanzisha mfuko wa kuwajengea madereva vibanda. Kwa kuwa vilisimama juu ya barabara ya umma, kibanda hakikuruhusiwa kuzidi nafasi ya gari moja na farasi wake. Ndani palikuwa na jiko, benchi na meza. Hapakuruhusiwa pombe, kamari wala matusi. Nje paliwekwa reli ya kufungia farasi. Vilijengwa 61 hadi mwaka 1914, na 13 bado vimesimama, vimepakwa rangi ya kijani, vinauza chai.

Mwenzangu aliitazama picha muda mrefu. Kijiwe chetu sisi kilikuwa chini ya mwarobaini, benchi lake tulilitengeneza kwa mbao za kreti, na mwarobaini ulipokatwa tulikaa juani.

"Hiki nacho utakichonga?"

Nilikuwa nimepanga kuanza farasi wiki ijayo. Nimechukua futi nikaupima ubao wa mninga uliobaki nyuma ya mlango. Sentimita 60, ambazo kwa kipimo changu ni mita 4.8. Gari moja na farasi wake. Tumeuweka mezani, mwenzangu akashika upande mmoja na mimi mwingine, nikapiga mstari wa kwanza wa penseli.